Hofu Iliyobaki Baada ya Kuacha Ngano

SOMO LA 9

SABATO MCHANA

Soma kwa ajili ya somo la juma hili: 1 Wafalme 19:1–18, 2 Wafalme 4:38–41, Danieli 1:8–16, 8:27, 10:8–19, Marko 8:22–25, 1 Wakorintho 11:20–34, 2 Wakorintho 7:5, 6, Wafilipi 2:25–28.

Fungu la kukariri: Zaburi 56:3, 4. Lisome katika Biblia yako na ulikariri kwa maneno ya tafsiri unayoitumia.

Dada mmoja, shemasi katika kanisa lake, aliugua miaka mingi bila kujua jina la ugonjwa wake. Tumbo lilijaa gesi, kuharisha kulikuja na kuondoka, na damu ilikuwa pungufu kila alipopimwa. Alitibiwa minyoo, akatibiwa amiba, taifodi na vidonda vya tumbo. Aliombewa pia. Hatimaye daktari mmoja aliagiza kipimo cha damu ambacho hakuwahi kufanyiwa, kisha mpira mwembamba wenye kamera ukapitishwa kinywani hadi kwenye utumbo, na kipande kidogo kikachukuliwa kwenda kuchunguzwa. Jibu likaja kuwa ni ugonjwa wa seliaki. Asile tena ngano, wala shayiri, wala rai, maisha yake yote.

Alitii. Chapati zikaondoka nyumbani kwake, zikafuata maandazi, tambi, biskuti za watoto, na ile nyama ya ngano aliyokuwa akisifiwa kwa kuipika. Baada ya miezi minane tumbo lilikuwa limetulia, damu imepanda, na magauni aliyokuwa ameyaweka kando yalimtosha tena. Washiriki walimshukuru Mungu pamoja naye.

Lakini jambo moja halikuondoka. Saa nane za usiku huamka moyo ukienda mbio, mikono imelowa jasho. Mwaliko wa harusi humnyima usingizi juma zima. Anaogopa mwiko, anaogopa mafuta ya kukaangia, na siku ambayo hakuna cha kuogopa anaogopa kwamba kipo asichokiona. Alikuwa amesikia kwamba ugonjwa wa seliaki wenyewe huweza kuleta wasiwasi, kwa hiyo alitarajia wasiwasi uondoke pamoja na ngano. Haukuondoka. Sasa ana swali ambalo hathubutu kulitoa darasani: kama ametii na bado anaogopa, amekosea wapi?

Juma hili darasa litakaa na swali hilo. Wenye seliaki si wengi katika kila kanisa, lakini aliyeacha sukari kwa ajili ya kisukari, au chumvi kwa ajili ya presha, na bado analala macho wazi, ataona kwamba swali ni lake pia.

JUMAPILI
Mguso wa Pili

Soma Marko 8:22–25. Mtu huyu aliona nini baada ya Yesu kumgusa mara ya kwanza? Kwa nini Marko hakuificha hatua hiyo ya katikati?

Gluteni ni protini iliyomo katika ngano, shayiri na rai. Ndiyo inayolifanya donge la unga wa chapati livutike bila kukatika. Kwa watu wengi haina neno. Kwa mwenye seliaki, kinga ya mwili huiona gluteni kama adui, na katika kupigana nayo huujeruhi utumbo mwembamba wenyewe. Ukuta wa utumbo huo una vinyuzi vidogo vingi mno, kama manyoya ya zulia, na kazi yake ni kufyonza chakula. Vinapoliwa na vita hiyo, mtu hula akashiba, lakini mwili unabaki na njaa ya madini ya chuma, folati, vitamini D na mengineyo. Katika nchi ambako watu wengi wamepimwa, hukadiriwa kwamba karibu mtu 1 kati ya 100 ana ugonjwa huu, na wengi wao hawajui.

Ugonjwa ni wa kale. Aretayo wa Kapadokia, tabibu Mgiriki wa karne za kwanza baada ya Kristo, aliwaeleza wagonjwa wanaofanana na hawa. Mwaka 1888 daktari Samuel Gee wa London aliueleza tena kwa uangalifu na kusema kwamba, kama kuna kupona, kutakuja kwa njia ya chakula, ila hakujua ni chakula gani. Aliyekijua ni daktari wa watoto wa Uholanzi, Willem Karel Dicke. Alikuwa ameishuku ngano tangu miaka ya 1930. Kisha ikaja njaa kuu ya majira ya baridi ya 1944 na 1945, vita ikiwa bado inaendelea. Mkate ukawa adimu nchini. Watoto wengine walidhoofika, lakini watoto wenye seliaki wakapata nafuu. Mkate uliporudi, ugonjwa nao ukarudi. Mwaka 1950 aliyaandika hayo katika tasnifu yake huko Utrecht. Ni jambo la kushangaza kwamba njaa, ambayo Biblia huihesabu kati ya mapigo, ilisaidia kuonyesha dawa.

Basi dawa ni kuacha. Lakini kuacha ni mwanzo tu. Kwa mtu mzima utumbo huweza kuchukua mwaka, miaka miwili, au hata zaidi kujijenga upya, ingawa tumbo linaweza kutulia mapema. Akiba ya chuma na vitamini hujazwa polepole. Mishipa ya fahamu na akili hulishwa na damu hiyohiyo. Kwa hiyo mtu anayeuliza mwezi wa tatu au wa nane kwa nini bado hana utulivu, huenda jibu la kwanza ni la kawaida kabisa: bado anapona.

Kuna sababu nyingine zinazostahili kuchunguzwa hospitalini kabla ya mtu yeyote kutoa hukumu ya kiroho. Huenda gluteni bado inaingia bila yeye kujua. Huenda vitamini B12 imepungua. Huenda tezi ya thairoidi iliyo shingoni nayo imeshambuliwa, kwa maana wenye seliaki hupatwa na ugonjwa wa tezi hiyo zaidi ya watu wengine, na tezi inayofanya kazi kupita kiasi huupeleka moyo mbio na kumtia mtu hofu isiyo na sababu. Yote haya yana vipimo. Anayemwambia ndugu yake aombe tu, kabla ya kumwambia apime, anamchelewesha.

Na neno moja kwa wanaosoma somo hili wakishuku kwamba nao wana ugonjwa huu: msiache ngano kabla ya kupimwa. Ukiiacha kwanza, kingamwili hushuka na kipimo kinaweza kusema huna ugonjwa ulio nao.

Bwana angeweza kumponya yule kipofu wa Bethsaida kwa mguso mmoja, kama alivyofanya kwa wengine. Huyu alimgusa mara mbili. Katikati ya miguso hiyo alisimama mtu aliyeponywa nusu, akiona watu kama miti inayotembea, na Yesu alimwuliza anaona nini, naye akasema ukweli. Hakukemewa kwa kuona vibaya.

JUMATATU
Mkate wa Malaika na Maneno Yaleyale

Soma 1 Wafalme 19:1–18. Linganisha fungu la 10 na la 14. Ni nini kilichobadilika katika jibu la Eliya?

Darasa nyingi hupita haraka katika sura hii ili kufika kwenye ile sauti ndogo ya utulivu. Juma hili kaeni kidogo chini ya mretemu.

Eliya ametoka Karmeli. Moto umeshuka, mvua imenyesha, na kwa ujumbe mmoja wa Yezebeli anakimbia hadi Beer-sheba na kupita hapo, anaingia jangwani, anaomba afe. Kisha analala. Malaika anamgusa na kumwambia ale. Kuna mkate uliookwa juu ya makaa na chombo cha maji. Anakula, analala tena. Malaika anarudi mara ya pili, anamgusa tena, na kumwambia ale kwa kuwa safari ni kubwa kuliko nguvu zake. Hakuna mahubiri. Hakuna swali juu ya imani yake. Mbingu ilimjibu nabii mwenye hofu kwa chakula na usingizi kwanza, na hapo kuna msingi mkubwa wa kazi yote ya afya katika kanisa hili.

Lakini angalieni kinachofuata. Kwa nguvu za chakula hicho alitembea siku 40, usiku na mchana, hadi Horebu. Hakuna mtu katika Maandiko aliyepata mlo bora kuliko huo. Je, ulimwondolea hofu? Akaingia pangoni. Bwana akamwuliza anafanya nini hapo, naye akamimina malalamiko yake: amekuwa na bidii, manabii wameuawa, amebaki peke yake, nao wanamtafuta wamwue. Ukapita upepo, ukapita tetemeko, ukapita moto, ikaja sauti ya utulivu. Bwana akauliza swali lilelile. Na Eliya akajibu maneno yaleyale. Baada ya mkate wa malaika na baada ya kumsikia Mungu, hofu yake ilikuwa ingali inasema sentensi ileile.

Mtu mwenye wasiwasi analijua jambo hilo. Mawazo yake yamekuwa kama njia ya ng'ombe. Hata nyasi zikiota, ng'ombe wanapita palepale. Aliyekaa miaka kumi akiumwa kila alipokula, mwili wake umejifunza kwamba chakula ni hatari. Utumbo unapopona, mafunzo hayo hayafutiki siku hiyohiyo.

Mungu alimfanyia nini mtu wa namna hii? Hakumwambia arudie jibu kwa imani zaidi. Alimpa kazi tatu, akamwambia kuna watu 7,000 asiowajua, na akampa Elisha. Chakula kilimpa nguvu za kutembea. Upweke uliondolewa na mwenzake.

Paulo alipitia hayohayo. Soma 2 Wakorintho 7:5, 6. Huko Makedonia alikuwa na vita nje na hofu ndani, na Mungu alimfariji kwa kuja kwake Tito. Kwa Mtume huyu faraja ya Mungu ilikuja na miguu yenye vumbi. Tena katika Wafilipi, waraka ambao kila mtu huutumia kumkataza mwenzake asiwe na wasiwasi, soma 2:25–28. Epafrodito amehangaika kwa sababu watu wa nyumbani wamesikia kwamba anaumwa, na Paulo anakiri kwamba kumtuma kwao kutampunguzia yeye mwenyewe uzito wa moyo. Aliyeandika sura ya nne ndiye aliyeandika ya pili.

JUMANNE
Danieli Baada ya Mtama na Maji

Soma Danieli 1:8–16, kisha Danieli 8:27. Ni Danieli yuleyule. Kati ya sura hizo mbili imepita zaidi ya miaka 50.

Kila mtoto wa Kiadventista anaijua sura ya kwanza. Siku kumi za nafaka, mboga na maji, na nyuso za vijana wanne zikaonekana nzuri kuliko za wenzao. Ni kisa cha kweli na kitamu, na kimewafundisha wengi kujitawala. Shida ni pale kinapopewa mzigo usio wake. Msemaji anasimama siku ya afya na kusema kwamba anayekula sawasawa atakuwa na akili iliyotulia. Msikilizaji mwenye wasiwasi anageuza sentensi hiyo na kupata hukumu: kama akili yangu haijatulia, basi sili sawasawa. Akienda nyumbani anaondoa chakula kingine. Juma lijalo anaondoa kingine tena. Wako ndugu ambao sahani zao zimebaki na vitu vitatu, na hofu yao imeongezeka.

Danieli 1 haisemi kwamba mboga zilimwondolea hofu. Inasema juu ya nyuso na miili, na katika fungu la 17 inasema kwamba maarifa na hekima vilitoka kwa Mungu. Katika 7:28 fikira zake zinamfadhaisha hata uso unabadilika. Katika 8:27 anazimia na kuugua kwa siku kadhaa. Hakuna aya inayodokeza kwamba alikuwa ameanza kula chakula cha mfalme. Alikuwa mtu mwaminifu, mla chakula safi, aliyelala kitandani kwa sababu ya yale aliyoyaona. Kisha, linasema fungu hilohilo, aliinuka akaendelea na kazi ya mfalme, ingawa alikuwa bado hajaelewa.

Soma pia Danieli 10:8–19 na uhesabu ni mara ngapi aliguswa. Mara ya kwanza anainuliwa juu ya magoti na mikono, anasimama akitetemeka. Mara ya pili anaguswa midomo, anasema hana nguvu. Mara ya tatu ndipo anasema mjumbe aendelee kunena. Kuambiwa asiogope mara moja hakukutosha, na mjumbe wa mbinguni hakuchoka kurudia.

Kwa Waadventista kuna jambo la ziada ambalo wengine hawanalo. Chakula kilichokuwa sifa ya nyumba nyingi za waumini wasiokula nyama kilitengenezwa kwa gluteni yenyewe. Huko Battle Creek, Michigan, Dkt. John Harvey Kellogg alitoa vyakula vya kuchukua nafasi ya nyama, na kimoja chake, Protose, kilikuwa gluteni ya ngano na karanga. Akina mama huendeleza kazi hiyo hadi leo: wanakanda unga, wanauacha utulie, wanauosha katika maji mpaka wanga wote uishe na kubaki lile donge linalovutika kama mpira, kisha wanalichemsha kwa viungo na kulikaanga. Ni chakula kizuri. Kwa dada wa somo hili ni sumu. Alipotangaza kwamba ameiacha, mtu mmoja alimwuliza kwa mzaha kama sasa amerudi kwenye nyama. Mzaha huo ulimuuma kuliko tumbo lilivyowahi kumuuma. Ujumbe wa afya ulitolewa kwa ajili ya watu, na watu hawana utumbo mmoja. Wala hakuna dhambi katika kula maharage, njugu mawe na ugali wa ulezi badala ya donge la ngano.

JUMATANO
Kilicho Ndani ya Chungu

Soma 2 Wafalme 4:38–41. Walaji walijuaje kwamba kuna hatari? Elisha aliwajibuje?

Hapa hofu ya chakula ilikuwa ya haki. Mtu mmoja alikwenda shambani wakati wa njaa, akarudi na matunda ya mwituni asiyoyajua, akayakatia chunguni. Walipoonja wakapiga kelele kwamba humo mna kifo. Elisha hakuwaambia wale kwa imani. Aliagiza unga, akautia chunguni, akaamuru watu wapakuliwe. (Msomaji mwenye seliaki atatabasamu: Elisha alitumia unga kuponya, na yeye unga ndio unaomwugua. Biblia haisemi ulikuwa wa nafaka gani.)

Mwenye seliaki ana sababu ya kuuliza. Kipimo cha kimataifa cha chakula kisicho na gluteni ni kisichozidi miligramu 20 katika kilo moja ya chakula, yaani punje ya vumbi. Unga wa mahindi ni salama, lakini mashine iliyousaga huenda imetoka kusaga ngano. Vitumbua vya mchele ni salama, lakini huenda vimepikwa kwa mafuta yaliyokaanga maandazi. Unga wa lishe huchanganywa nafaka nyingi, na wakati mwingine ngano imo. Chujio, mwiko wa mbao, kibao cha kusukumia chapati, hivi vyote hubeba. Kwenye makambi, ambako sufuria moja hulisha mia, ni lazima aulize. Anayemwona kuwa msumbufu hajaelewa.

Lakini angalia mwisho wa kisa. Walipakuliwa kutoka chungu kilekile, na walikula. Hiyo ndiyo sehemu ngumu kwa dada yule. Tahadhari huuliza mara moja, hupata jibu, kisha huketi na kula. Hofu huuliza mara tano, na kila jibu huzaa swali jingine. Tahadhari hulinda utumbo. Hofu iliyozidi hula kile ambacho utumbo umepona kwa ajili yake, yaani maisha yenyewe. Watafiti wa New York, katika kazi iliyochapishwa mwaka 2018, waliwachunguza watu wazima na vijana wenye seliaki na kuona kwamba wale waliojilinda kwa ukali uliopita kiasi walikuwa na maisha yenye furaha ndogo kuliko wenzao. Hao hawakushauriwa warudi kwenye ngano. Wanahitaji kufundishwa kuwa waangalifu bila kuishi kama walinzi wa zamu ya usiku isiyokwisha.

Mtu husaidiwaje kufika hapo? Mara nyingi si kwa nguvu zake peke yake. Tiba ya mazungumzo na mtaalamu, ambayo mgonjwa hujifunza kuitambua hofu inapoanza na kurudi mezani hatua kwa hatua, imewasaidia wengi. Wengine huhitaji dawa kwa muda, na daktari au mfamasia huhakikisha kwamba vidonge vyenyewe havina wanga wa ngano. Dawa ya wasiwasi haimwondoi mtu katika imani, kama vile dawa ya presha haimwondoi. Matembezi ya asubuhi, usingizi wa saa zinazoeleweka na pumziko la Sabato hufanya kazi pamoja na hizo. Na ikiwa mtu ameanza kukataa kula, au uzito unashuka tena, au anasema ni afadhali afe kama Eliya alivyosema, asiachwe peke yake hata usiku mmoja. Apelekwe kwa daktari siku hiyo.

Yesu alisema katika Mathayo 6:25 tusisumbukie tutakachokula. Wapo wanaomsomea fungu hilo mwenye seliaki kama kemeo. Yesu alisema na watu waliokuwa wakihofu kwamba hakitakuwapo chakula, naye akawaelekeza kwa Baba anayejua wanachohitaji. Baba anayejua hilo anajua pia ni nani asiyeweza kula nini.

ALHAMISI
Wakati wa Meza ya Bwana

Soma 1 Wakorintho 11:20–34. Katika fungu la 33 Paulo anatoa agizo gani la vitendo kwa watu wanaokutanika kula?

Kwa robo tatu mfululizo dada yule alifanya jambo ambalo hakuna aliyeligundua. Aliingia katika chumba cha kutawadhana miguu, akamwosha mwenzake, akaoshwa, akaomba naye. Kisha, watu walipokuwa wakirudi kuketi, alitoka nje kana kwamba anamfuata mtoto. Mkate wa Meza ya Bwana huokwa kwa unga wa ngano, na yeye kama shemasi alikuwa ameuoka mara nyingi kwa mikono yake. Alijua kilichomo. Hakujua jinsi ya kumwambia mchungaji kwamba mwili wa Kristo, kwa alama ile, ungemrudisha hospitalini. Akaona aibu. Na usiku wa kuamkia Sabato hizo ndio uliokuwa na hofu kuliko nyingine zote, kwa sababu hapo hofu ya tumbo ilikutana na hofu ya kukosa fungu lake kwa Bwana.

Korintho walikuwa na dosari nyingine: walioshiba walitangulia kula na maskini wakabaki na njaa. Sababu ni tofauti lakini matokeo yanafanana. Mtu yupo katika kusanyiko na hana cha kula mezani pa Bwana. Dawa ya Paulo ni kungojana. Kungojana ni kuangalia kwanza nani bado hajapata, kabla ya kuinua mkono.

Aliyegundua alikuwa bibi mmoja wa Dorkasi, mwenye macho yaliyofifia, aliyekuwa akikaa karibu na mlango. Robo ya nne alimshika gauni. "Mwanangu, kila mara unakimbilia wapi?" Akaambiwa yote, pale mlangoni, kwa machozi. Bibi hakujua gluteni ni nini. Alisema tu, "Basi kuna unga gani usiokudhuru?"

Mchungaji na baraza la kanisa walikaa wakalitazama jambo. Injili zinasema Yesu alitwaa mkate, na kanisa hushika usiotiwa chachu; hawakuona sababu ya kumfungia nje mtu wa Bwana kwa ajili ya aina ya nafaka. Unga wa mchele ulisagwa nyumbani, mbali na mashine ya mtaani. Mkate ukaokwa kwa sufuria mpya, ukafunikwa kwa kitambaa chake, ukawekwa kwenye sahani ya peke yake, ili chembe za ule mwingine zisiuangukie. Shemasi aliyeubeba aliagizwa aanze na huo, kabla mkono wake haujagusa mwingine.

Siku ilipofika, dada yule aliketi. Sahani ilipomfikia aliuliza kwa sauti ya chini kama ni huo. Shemasi akasema ndiyo. Akauliza tena. Shemasi akasema tena ndiyo, mama, ni wako, nimeufunika mwenyewe. Mkono wake ulitetemeka alipouchukua, na ulitetemeka alipousogeza mdomoni. Bibi wa Dorkasi, aliyekuwa kando yake, alikuwa amekataa kula wa kwake mpaka yule ale. Wakala pamoja.

Usiku ule aliamka tena saa nane.

IJUMAA
Kwa Kujifunza Zaidi

Soma Zaburi 94:17–19 na Zaburi 56 yote. Katika Zaburi 56 Daudi hasemi kwamba hofu imekwisha ndipo anamtumaini Mungu; anaviweka viwili hivyo katika saa moja. Soma pia 1 Timotheo 5:23, na uone kwamba Paulo alimpa kijana wake katika imani ushauri juu ya tumbo na magonjwa ya mara kwa mara, bila kumlaumu. Wenye kitabu cha Ellen G. White cha mwaka 1905, The Ministry of Healing, wasome sura inayohusu jinsi akili na mwili vinavyogusana, na kuijadili na mtu mwingine aliyeisoma.

Maswali ya kujadili

Katika kanisa lenu, chakula cha ushirika hupangwaje? Je, mtu mwenye kisukari, presha au seliaki angeweza kuuliza kilichomo bila kuona aibu, na ni nani angemjibu?

Eliya alitoa jibu lilelile mara mbili, na Mungu hakumwacha. Darasa linapomsikia mshiriki akitoa ombi lilelile la hofu Sabato baada ya Sabato, humpokea vipi? Semeni ukweli.

Mshiriki mmoja anasema ameacha dawa za wasiwasi kwa sababu sasa anakula chakula safi na anaamini kitatosha. Kwa kutumia Danieli 1 na Danieli 8, mtamwambia nini, na mtamsindikiza kwa nani?

Wahudumu wa Meza ya Bwana wawepo darasani wakati wa swali hili la mwisho: kabla ya robo ijayo, nani ataulizwa ni washiriki gani hutoka nje wakati mkate unapopitishwa, na kwa nini?